Shajara ya mradi: jedwali la sarafu za dhahabu za Bizanti kwa Kiswahili

3 Februari

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana, nayo ni kuandaa kwa Kiswahili jedwali lenye picha na maelezo la sarafu za dhahabu za makaisari wa Bizanti. Jedwali litaanzia kwa Constantinus wa Kwanza, aliyetoa solido, yaani sarafu kamili ya dhahabu, kwa mara ya kwanza mjini Trier takriban mwaka 309, na litaishia katikati ya karne ya 14, wakati dhahabu ya mwisho ilipofuliwa Konstantinopoli. Ninalikusudia kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kwa walimu wenzangu wa historia, na kwa kila msomaji anayejua kwamba Dola ya Roma ya Mashariki ilidumu hadi 1453 lakini hajawahi kuona kitu ambacho mtu wa dola hiyo alikifunga kwenye pindo la nguo yake.

Mpango wa kwanza ni mwepesi. Kila kaisari atakuwa na kadi yake, na kila kadi itakuwa na safu tano: jina, miaka ya utawala, picha ya upande mmoja, picha ya upande wa pili, na maandishi ya ukingoni.

9 Februari

Kabla ya kujaza kadi hata moja imenibidi niamue kuhusu majina. Vitabu vya Kiswahili vinaandika Konstantino na Justiniani, vya Kiingereza vina tahajia yao, na mwanafunzi anayetazama picha ya sarafu anakutana na herufi nyingine kabisa. Nimeamua kuifuata sarafu yenyewe. Solido ya Justinianus wa Kwanza imeandikwa D N IVSTINIANVS P P AVG, ambao ni ufupisho wa Kilatini wenye maana ya «Bwana wetu Justinianus, Augusto wa daima», na mwanafunzi akishaelezwa kwamba V ilitumika pia mahali pa U ataweza kulisoma jina hilo mwenyewe. Sarafu za karne za baadaye zimeandikwa kwa Kigiriki, lakini kwa ajili ya ulinganifu nitayaacha majina yote katika umbo la Kilatini.

Istilahi zimenichukua jioni nzima. Nimechagua «uso» na «mgongo» kwa pande mbili za sarafu, «muhuri» kwa kile chuma kilichochongwa picha kinyume, na «kidonge» kwa kipande cha dhahabu ambacho hakijapigwa. Kwa kitendo chenyewe nimechagua kufua, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyofanyika: muhuri wa chini ulikaa imara kwenye fuawe, kidonge kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono, na nyundo ikashuka. Sarafu kamili ya dhahabu itaitwa solido, nusu yake semisi, na theluthi yake tremisi.

21 Februari

Kadi ya Justinianus wa Kwanza imekamilika. Imenichukua muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo itakayotumika kufundishia namna ya kusoma sarafu.

Mwanzoni mwa utawala wake, uliodumu kuanzia 527 hadi 565, kaisari huyu alichorwa akiwa ameelekeza uso kando kidogo, mkuki ukiwa begani, kama ilivyokuwa desturi kwa zaidi ya karne moja. Kuanzia 538 anatutazama moja kwa moja. Amevaa kofia ya chuma na deraya, mkono wa kulia umebeba tufe lenye msalaba juu yake, na begani ana ngao iliyochorwa mpanda farasi mdogo mno, ambaye katika sarafu iliyochakaa huonekana kama doa tu. Mgongoni amesimama malaika mwenye mabawa, na pembeni mwake kuna nyota moja. Ukingoni pameandikwa VICTORIA AVGGG, yaani ushindi wa Maaugusto, kisha inafuata herufi moja ya Kigiriki ambayo mwanzoni niliiona kama ya ziada. Sivyo. Karakana ya Konstantinopoli ilikuwa na vitengo 10, na herufi hiyo, kuanzia A hadi I, inataja kitengo kilichoifua sarafu ile. Solido ikigunduliwa kuwa pungufu, wakubwa walijua ni mlango upi wa kugonga.

Chini kabisa pana neno CONOB. CON ni jina la mji. OB ni mwanzo wa neno obryzum, lenye maana ya dhahabu iliyosafishwa kwa moto, na herufi hizohizo mbili zikisomwa kama tarakimu za Kigiriki ni 72, ambayo ndiyo idadi ya solido zilizotoka katika ratili moja ya Kirumi. Alama ya OB iliingia katika miaka ya 360, baada ya amri kwamba dhahabu ya kodi iyeyushwe na kusafishwa kabla ya kufika hazina. Kwa hiyo herufi tano za chini zinamwambia mshikaji sarafu imetoka wapi, imesafishwa vipi, na inapaswa kuwa na uzito gani. Nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu leo, na ninakiri kwamba sijaona mahali pengine maneno machache yaliyobeba ahadi kubwa kiasi hicho.

2 Machi

Mpango wa kwanza nimeuacha.

Nilikuwa nimefikisha kadi 22 nilipomwonyesha mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita. Alizipanga mezani, akazitazama moja baada ya nyingine kwa adabu, kisha akasema, «Mwalimu, samahani, lakini hawa wote wanafanana.» Alisema kweli. Mauricius, Phocas na Heraclius walichukiana na kuuana; Phocas alimwua Mauricius mwaka 602, na Heraclius akamwua Phocas mwaka 610. Kwenye kadi zangu walikuwa watu watatu wenye taji, wawili kati yao wana ndevu, na hakuna kilichomwonyesha mwanafunzi kwa nini ajali.

Nimegundua kwamba nilikuwa nikipanga kitu kisicho sahihi. Makaisari walipinduliwa, walipofushwa, walifungiwa kwenye nyumba za watawa, lakini kwa takriban miaka 700, kutoka kwa Constantinus wa Kwanza hadi mwanzoni mwa karne ya 11, uzito wa solido na usafi wake haukuyumba kwa kiasi cha kutajwa. Hilo ndilo jambo la ajabu, nalo halikuwa na safu hata moja kwenye kadi zangu. Kuanzia leo safu ya kwanza ni uzito, ya pili ni karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu, na kaisari anakuja wa tatu.

Ninaongeza pia ukurasa kuhusu walinzi wa uzito huo. Mwaka 363 kaisari Julianus aliamuru kila mji uwe na mpimaji rasmi wa kuamua ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi pale mmoja anapodai kwamba solido ya mwenzake ni pungufu. Baadaye yalitengenezwa mawe ya mizani ya shaba, na kuanzia karne ya 6 ya kioo, kwa ajili ya kupimia sarafu hiyo peke yake. Katika karne ya 10, kanuni za mkuu wa mji wa Konstantinopoli zilisema kwamba mbadilisha fedha anayekwangua au kukata sarafu atakatwa mkono. Adhabu hiyo ni katili, na sitaipamba. Lakini inaeleza kwa nini mfanyabiashara wa mbali alikuwa tayari kuipokea solido bila kumjua aliyeileta.

11 Machi

Nimekwenda kwa sonara mmoja hapa Tanga, mzee aliyenizidi umri kwa miaka mingi, kumwomba anikatie vipande vya shaba ya manjano vyenye uzito wa solido, ili mwanafunzi ashike mkononi kile anachokisoma. Ratili ya Kirumi ilikuwa takriban gramu 324. Ukiigawa kwa 72 unapata gramu 4.5.

Alikata kisahani chenye upana wa milimita 20, akakipima, akakata kingine, akapima tena. Kilipofika gramu 4.5 kilikuwa na unene wa karibu milimita 1.7, kama kifungo cha koti. Nilikilinganisha na picha na nikamwambia kwamba sarafu yenyewe ni nyembamba kuliko hiyo. Akatabasamu. «Mwalimu wangu, umbo la dhahabu na uzito wa dhahabu huvipati pamoja kwa shaba. Chagua kimoja.» Kisha akafungua droo, akatoa pete ya karati 22 yenye uzito wa gramu 4 na nusu na punje kidogo, akaiweka kwenye kiganja changu na kunifunga vidole. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa nzito kwa namna ambayo kisahani cha shaba hakikuwa, ingawa mizani ilikuwa imevisoma karibu sawa.

Nikapiga hesabu papo hapo kwenye bahasha. Dhahabu ya gramu 4.5 iliyotandazwa kwa upana wa milimita 20 haifiki hata milimita moja kwa unene. Ni robo tatu tu. «Shikamoo dhahabu,» alisema mzee nilipomsomea jibu. Tumekubaliana atengeneze aina mbili za visahani: kimoja chenye uzito sahihi na kingine chenye umbo sahihi, na mwanafunzi apewe vyote viwili kwa pamoja.

20 Machi

Ukurasa wa maneno umekamilika, na ndio niliouandika kwa furaha kuliko zote, kwa kuwa hapa msomaji wa Kiswahili haanzi ugenini.

Solido moja iligawanywa katika sehemu 24. Kila sehemu ilipewa jina la punje ya mti wa karobu unaoota kandokando ya Bahari ya Kati, mti wenye maganda yaliyopinda kama pembe, na Wagiriki wakaiita keration, yaani pembe ndogo. Waarabu walilichukua neno hilo wakasema qirat, nasi tukasema karati. Sonara wa Tanga anapomwambia bibi harusi kwamba mkufu wake ni wa karati 22, anahesabu kwa kipimo ambacho ukamilifu wake ni 24 kwa sababu solido ilikuwa na punje 24. Nilipomweleza mzee wangu jambo hili, alinikumbusha kwamba masonara wa Kihindi nao walipimia punje, ila wao walitumia tipitipi.

Neno la pili ni fulusi. Mwaka 498 kaisari Anastasius alitengeneza upya sarafu za shaba, na kubwa kati ya hizo, iliyoandikwa herufi M kwa sababu M ya Kigiriki ni 40, iliitwa foli. Kwa Kiarabu ikawa fals, kwa wingi fulus. Dinari nayo ilitoka Roma kwa njia hiyohiyo, na ratili ni litra ya Kigiriki iliyogeuzwa konsonanti zake. Sina haja ya kulazimisha uhusiano wowote hapa. Maneno yenyewe yalisafiri na wafanyabiashara mpaka yakafika kwetu.

5 Aprili

Siku ya hesabu. Nimeandaa ukurasa mmoja wa kugeuza ratili kuwa solido, kwa sababu waandishi wa zamani hutaja dhahabu ya dola kwa ratili na mwanafunzi hapati picha yoyote.

Attila, mfalme wa Wahuni, aliongezewa kodi ya mwaka aliyolipwa na dola hadi ratili 2,100 kufikia mwaka 447. Hizo ni solido 151,200, au takriban kilo 680 za dhahabu kila mwaka. Kule Szikáncs, nchini Hungaria, yalifukuliwa mwaka 1963 mafungu ya solido 1,439 za enzi hiyohiyo, na ukizilinganisha na malipo ya mwaka mmoja zinakuwa chini ya sehemu moja kwa mia. Justinianus wa Kwanza alimlipa Khosrow wa Uajemi ratili 11,000 kwa ajili ya amani ya 532, sawa na solido 792,000. Anastasius, kwa mujibu wa Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliacha hazinani ratili 320,000, ambazo ni solido zaidi ya milioni 23.

Procopius huyohuyo anasema kwamba hata mfalme wa Uajemi, aliyefua fedha apendavyo, hakuthubutu kuweka sura yake kwenye dhahabu, kwa kuwa wafanyabiashara wasingeipokea. Ninampa nafasi pia Cosmas, mfanyabiashara aliyefika Adulis kwenye pwani ya Bahari ya Shamu katika karne ya 6. Anasimulia jinsi Mrumi mmoja aitwaye Sopatros alivyobishana na Mwajemi mbele ya mfalme wa Sri Lanka kuhusu nani ana mtawala mkubwa zaidi. Sopatros aliomba zitolewe sarafu za pande zote mbili ziwekwe pamoja, solido ya dhahabu kando ya dirhamu ya fedha, na mfalme akaamua kwa kutazama. Cosmas alikuwa na upande wake katika ubishi huo, na nimelieleza hilo kwenye kadi, lakini kisa chake kinaonyesha solido ikifanya kazi mahali ambapo askari wa kaisari hawakufika kamwe.

19 Aprili

Wiki mbili nzima nimekuwa kwenye kadi mbili tu, ya Justinianus wa Pili na ya khalifa Abd al-Malik, na sijutii hata siku moja.

Hadi mwaka 692 hivi uso wa sarafu ulikuwa wa kaisari. Tiberius wa Pili, aliyetawala kuanzia 578 hadi 582, alikuwa ameuweka mgongoni msalaba uliosimama juu ya ngazi, na waliomfuata wakauendeleza, lakini upande wa mbele ulibaki kuwa wa mtawala. Justinianus wa Pili alihama. Usoni aliweka sura ya Kristo, mwenye nywele ndefu na ndevu, msalaba nyuma ya kichwa, mkono ukibariki, pamoja na maneno «Mfalme wa wanaotawala». Yeye mwenyewe akahamia mgongoni, amesimama mzima ameshika msalaba, na akajiita SERV CHRISTI, mtumishi wa Kristo. Nimekadiria ukubwa wa kichwa hicho cha Kristo kwenye sarafu halisi: ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu, na bado mchongaji ameweza kuonyesha mgawanyiko wa nywele juu ya paji la uso. Mchongaji huyo hana jina popote.

Wakati huohuo Dameski, makao ya khalifa, ilikuwa ikitafuta njia yake. Dinari za kwanza za Kiislamu ziliiga solido ya Heraclius na wanawe wawili, ila mgongoni mkono wa msalaba uliondolewa, ukabaki mti mtupu juu ya ngazi. Ikafuata sarafu ya khalifa aliyesimama na upanga wake, kati ya mwaka 74 na 77 wa Hijria. Kisha mwaka 77, yaani 696 au 697, Abd al-Malik akaondoa picha zote. Dinari yake mpya ina maandishi peke yake, shahada katikati na aya pembezoni, na uzito wake ni gramu 4.25, chini kidogo ya solido.

Nimeziweka kadi hizi zikitazamana katika kurasa mbili. Watawala wawili, katika muda usiozidi miaka 10, walijibu swali lilelile la nani astahili kuonekana kwenye dhahabu, na majibu yao yako mbali kama mashariki na magharibi. Ninawaomba walimu wenzangu wasizipite kadi hizi kwa haraka.

Justinianus alipinduliwa mwaka 695 akakatwa pua, akarudi madarakani mwaka 705. Sarafu za utawala wake wa pili zina Kristo mwingine kabisa, mwenye nywele za kujisokota na ndevu fupi, na kaisari mwenyewe amechorwa akiwa na pua yake nzima.

27 Aprili

Leo nimepita haraka karne ya 8. Kristo alikuwa ameshaondolewa kwenye dhahabu baada ya Justinianus wa Pili, na makaisari waliopinga sanamu wakajaza nafasi kwa baba, babu na wana wao. Nimesimama kwa Irene peke yake, aliyetawala kwa jina lake mwenyewe kuanzia 797 hadi 802: sarafu yake ina sura yake usoni na sura yake tena mgongoni, na jina la heshima ni basilissa, malkia. Baada ya sanamu kurudishwa mwaka 843, mafundi wa Michael wa Tatu walichukua solido ya kwanza ya Justinianus wa Pili, yenye umri wa karne moja na nusu, wakaiiga sura yake ya Kristo.

14 Mei

Ninasahihisha kosa langu. Katika rasimu ya karne ya 11 niliandika kwamba sarafu ilipanuliwa na kukunjwa kama kisosi ili kuficha upungufu wa dhahabu, nami niliona hoja hiyo ina mantiki, kwa kuwa fedha ni nyepesi kuliko dhahabu na mchanganyiko wenye uzito uleule huhitaji nafasi kubwa zaidi. Nilipozipanga tarehe, hoja ilivunjika. Nicephorus wa Pili, aliyetawala kuanzia 963 hadi 969, alitoa sarafu ya pili nyepesi iliyoitwa tetartero, ikitembea sambamba na ile kamili iliyoitwa histameno. Mwanzoni mwa karne ya 11 histameno ikafanywa pana na nyembamba, na tetartero ikawa ndogo na nene, ili watu waweze kuzitofautisha. Dhahabu ilikuwa bado safi wakati huo. Upana ulitangulia, upungufu ukaja baadaye, na umbo la kisosi likakomaa katikati ya karne. Nimeifuta aya nzima.

25 Mei

Nakala ya majaribio imetoka kwa mchapaji, na picha zote za sarafu zimelinganishwa ukubwa. Ninaelewa nia yake, kwa kuwa kurasa zimependeza, lakini solido ndogo nene za Karthago, ambazo zina upana wa milimita 12 hivi na zinafanana na tembe, sasa zinalingana na histameno pana zilizozidi milimita 25. Mwanafunzi akitumia kitabu hicho atakuwa amedanganywa na kila ukurasa. Nimeomba kazi irudiwe kwa vipimo halisi, na chini ya kila picha nimeweka mstari wa sentimita moja.

1 Juni

Ukurasa wa kuporomoka umekamilika. Kwanza neno. Nilifikiria «kughushi», lakini siku hizi neno hilo linamwelekeza msomaji kwenye nyaraka bandia na mhalifu aliyejificha, ilhali hapa aliyechanganya ni dola yenyewe, mchana kweupe, ndani ya karakana yake. «Kuchakachua» linaeleweka mara moja, ila lina harufu ya mafuta ya taa kwenye dizeli. Nimeandika «kupunguza karati», ambalo halina hukumu ndani yake na linapimika.

Aliyeanza ni Michael wa Nne, aliyetawala kuanzia 1034 hadi 1041, ambaye kabla ya kuwa kaisari alikuwa mbadilisha fedha. Karati zilishuka takriban hivi: 21 chini ya Constantinus wa Tisa, 18 chini ya Constantinus wa Kumi, 16 chini ya Romanus wa Nne, aliyetekwa na Waseljuki pale Manzikert mwaka 1071, 14 chini ya Michael wa Saba, na 8 chini ya Nicephorus wa Tatu, aliyeondoka mwaka 1081. Katika miaka 11 ya kwanza ya Alexius wa Kwanza kuna sarafu ambazo dhahabu yake karibu haipo.

Nimeongeza safu ya msongamano ili wanafunzi wa fizikia nao wapate kazi. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, na fedha ni 10.5. Ikiwa kilichochanganywa ni fedha tu, sarafu ya karati 18 itakuwa karibu 16, ya karati 16 itakuwa karibu 15.1, na ya karati 8 itakuwa karibu 12.4. Mwanafunzi mwenye maji, uzi na mizani nzuri anaweza kugundua bila kuikwaruza sarafu kile ambacho picha yake haisemi. Maana nikizitazama picha zenyewe, Kristo wa Michael wa Saba amechongwa kwa uangalifu uleule na utulivu uleule wa zamani.

Inaniuma kuandika ukurasa huu. Askari aliyelipwa mshahara wake kwa sarafu za 1080 alipokea idadi ileile ya vipande aliyopokea babu yake, na theluthi moja tu ya dhahabu.

18 Juni

Mwaka 1092 Alexius wa Kwanza aliacha kutibu sarafu ya zamani na akatoa mpya, hiperpiro, yaani iliyopita motoni sana, yenye karati 20 na nusu na umbo la kisosi. Haikurudi kwenye 24, lakini ilisimama imara kwa zaidi ya karne moja, na chini yake Alexius akapanga sarafu za mchanganyiko na za shaba kwa uwiano unaoeleweka. Ninampa heshima yake kwenye kadi hii, baada ya kumwandikia mabaya kwenye ile iliyotangulia.

Baada ya Wanamsalaba kuuteka mji mwaka 1204, hiperpiro iliendelea kufuliwa uhamishoni, katika dola ya Nicaea. Georgios Pachymeres, aliyeyaona mambo hayo kwa karibu, anaeleza kwamba chini ya Johannes wa Tatu dhahabu ilikuwa theluthi mbili, kwamba Michael wa Nane aliishusha hadi sehemu 15 kati ya 24, na kwamba chini ya Andronicus wa Pili ilifika 14, kisha nusu.

Sarafu ya Michael wa Nane, aliyeurudisha mji mwaka 1261, ndiyo nzuri kuliko zote ninazozijua. Usoni Bikira Maria ameinua mikono kuomba, na kumzunguka pande zote kuna kuta za Konstantinopoli na minara yake, kana kwamba ameota katikati ya mji. Mgongoni kaisari amepiga magoti mbele ya Kristo, na malaika mkuu Mikaeli amemshika kwa nyuma asianguke. Karati 15.

6 Julai

Kadi za Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, nimezitoa. Wafalme wa Aksum walifua dhahabu yao wenyewe kuanzia karne ya 3, na Ezana aliweka msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4. Wanastahili jedwali lao, si pembe ya jedwali la watu wengine.

Kimebaki kipande cha mwisho. Florence na Genoa zilianza kufua dhahabu mwaka 1252, Venice ikafuata na dukati yake mwaka 1284, karati 24 karibu kamili. Mwaka 1343 Anna wa Savoia, aliyekuwa akiongoza dola kwa niaba ya mwanawe mdogo, aliweka vito vya taji rehani Venice, na mkopo aliopewa ulihesabiwa kwa dukati 30,000. Takriban miaka 10 baadaye, katika enzi ya Johannes wa Sita, hiperpiro za mwisho zikatoka, zikiwa na karati 11 hivi. Jina liliendelea kutumika kwenye daftari za mahesabu, bila sarafu ya kulibeba, na dola ikabaki kufua fedha, hata wakati Waosmani walipokuwa wameuzingira mji mwaka 1453.

Kadi 61 zimekamilika, na picha zimerudi kutoka kwa mchapaji zikiwa na vipimo sahihi. Mzee wangu amemaliza visahani 40, ishirini vya uzito na ishirini vya umbo, na amevifunga viwiliviwili kwa uzi mwekundu. Jumatatu ninavipeleka darasani.